Mazoezi ya Kumlaza Mama

Huku kwetu milimani, jirani wa juu huona kila kinachofanyika uani kwa jirani wa chini, atake asitake. Nyumba yangu iko juu ya nyumba ya Nassoro, na katikati yetu kuna matuta mawili ya karoti na ngazi ya udongo tuliyoichimba pamoja tulipokuwa vijana. Kwa hiyo asubuhi ile nilipotoka nje na kikombe cha chai, sikuwa nachungulia. Nilitazama chini kama ninavyotazama kila siku, nikamwona Nassoro amesimama juu ya mfereji wa maji unaokata ua wake, mguu mmoja ukingo huu, mguu wa pili ukingo ule, amekumbatia mfuko wa mchanga kifuani. Alikuwa anainama taratibu sana. Alipofika katikati, mguu wa kushoto ukatetemeka, goti likakunjika, na Nassoro na mfuko wake wakaingia mferejini.

Nilicheka. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili nisije nikajipamba baadaye.

Mimi ni Ismaili, mkulima wa viazi, na ndiye mchimba makaburi wa kitongoji chetu, kazi ambayo haina mshahara wala likizo. Si mtu wa subira. Mke wangu husema hata chai naipuliza kwa hasira. Subira yote aliyotujalia Mungu sisi wawili alipewa Nassoro, na kwa miaka thelathini tuligawana kazi moja: mimi nachimba, yeye anashuka.

Asiyewahi kuzika huenda hajui ugumu wa kushuka. Ndani ya kaburi letu mna shimo jingine, jembamba, linaloitwa mwanandani. Humo ndimo mwili unamolazwa, kisha viunza vya mbao vinafunika, ndipo udongo unarudishwa. Anayeshuka kupokea mwili hana pa kukanyaga ila kingo mbili nyembamba, kulia na kushoto kwa mwanandani. Anatanua miguu, anapokea uzito wa mtu mzima mikononi, anainama nao mpaka chini, na haruhusiwi kuyumba, maana akiyumba atamwangukia maiti. Wanaume wenye vifua vipana nimewaona wakitafuta sababu ya kusimama nyuma ya wenzao. Nassoro alikuwa akivua kandambili, akikunja kanzu kiunoni na kushuka bila neno.

Akizikwa mwanamke, wanaoshuka ni watu wake wa damu: mwanawe, kaka yake, mjukuu wake. Siku hizo Nassoro alichuchumaa pembeni ya kaburi akiwafundisha wana wa watu. "Tanua miguu. Shusha kiuno, mgongo usiukunje. Mshike kama alivyokushika." Nusu ya wanaume wa kitongoji hiki wamewalaza mama zao kwa sauti yake.

Hujafa hujaumbika. Mwaka juzi, wiki moja baada ya Idi, Nassoro alianguka shambani kwake bondeni, katikati ya mistari ya pilipili hoho. Tulimpandisha hadi barabarani kwa machela ya shuka na miti miwili, akapelekwa hospitali. Kilikuwa kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake baada ya wiki mbili, mkono ukarudi baada ya miezi miwili. Mguu wa kushoto ulirudi nusu, na hapo ukagoma.

Mimi ndiye niliyemsindikiza siku alipopewa mazoezi. Mtaalamu wa viungo alikuwa dada mmoja anaitwa Scholastica, mpole, anayezungumza huku anaandika. Akamuuliza, "Mzee Nassoro, lengo lako ni lipi? Unataka mguu huu ukuwezeshe kufanya nini?"

"Kumzika mama yangu," Nassoro akajibu.

Yule dada akaacha kuandika. Akanitazama mimi. "Pole sana, mzee. Mama amefariki?"

"Hajafariki. Yuko nyumbani anamenya njegere."

Scholastica akafikiri kidogo, kisha akaandika kwenye faili: kutembea hadi msikitini. Akasema tuanze na hilo, mengine yatafuata. Akatupa karatasi ya mazoezi ya nyumbani ya wiki kumi na mbili, yenye picha za watu wembamba wanaoinuka kwenye viti, wanaosimama kwa mguu mmoja huku wameshika ukuta, wanaotembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mengine alituma kwa video kwenye simu ya Husna, mke wa Nassoro. Alisisitiza mambo mawili. Mgongo uwe wima, na mazoezi yafanyiwe mahali tambarare. Tukaitikia sawa, sawa, kisha tulipofika kituo cha magari tukatazamana. Tambarare ipo wapi Lushoto? Ua wa Nassoro una mteremko kiasi kwamba nyanya ikianguka mlangoni, unaiokota chooni.

Sasa nieleze habari ya mama yake, maana bila yeye mazoezi haya hayana maana yoyote.

Bi Mariamu alikuwa na miaka karibu tisini, kwa hesabu ya kukisia. Alizaa watoto wawili tu. Binti alitangulia mbele ya haki zamani, akaacha wavulana wawili ambao sasa ni watu wazima: Amiri, anayeendesha bodaboda mjini Lushoto, na mdogo wake. Nassoro mwenyewe ana mabinti watupu. Bi Mariamu alikuwa na haya ya wanawake wa zamani. Hata kwa daktari alikubali kupimwa presha kupitia mkono wa gauni. Miaka mingi kabla ya kiharusi, alimwambia Nassoro mbele yangu, tumekaa tunakula kande: "Siku yangu ikifika, kule chini asinipokee mtu mwingine. Wewe uliyetoka kwangu ndiye utakayeniweka." Nassoro akasema, "Inshallah, mama." Wakati ule ilikuwa ahadi nyepesi. Nani angeshuka kama si yeye?

Basi asubuhi ile nilipomaliza kucheka niliweka kikombe, nikashuka ngazi. "Onga makeo," nikamsalimu Nassoro kwa Kishambaa. Alikuwa bado amekaa mferejini, maji yanampita, hakuitika.

Aliyenijibu ni mama yake, kutoka kwenye kigoda chake mlangoni, ungo wa njegere mapajani. "Ismaili, kuna nini cha kuchekwa?"

"Hakuna, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi mtoe mwenzio majini."

Nilimtoa. Nikautazama mfereji, nikautazama upana wake, na mchimba makaburi hahitaji kuelezwa upana ule. Kicheko chote kikaniisha.

Shida ya Nassoro ilikuwa kwamba hakutaka kufuata karatasi. Zile picha za kuinuka kwenye kiti na kunyanyua visigino aliziona za kitoto. Alizifanya siku mbili, akaziacha, akarudi kwenye mfereji na mfuko wake. Kila zoezi aliligeuza liwe kaburi. Husna akamrekodi, akamtumia Scholastica ile video, na jibu likaja kwa sauti, tukalisikiliza wote uani.

"Mzee Nassoro, shikamoo. Mgongo unaukunja. Goti la kushoto linaingia ndani. Halafu hili la kutanua miguu na kubeba mzigo halimo kabisa kwenye karatasi yangu. Unaruka hatua, baba. Utaumia."

"Ndilo ninalolihitaji," Nassoro akaiambia simu, kana kwamba inamsikia.

Wiki ya nne mambo yakabadilika. Alisimama juu ya mfereji, akainama na mfuko mpaka chini, akainuka. Akarudia mara tano bila kuanguka. Husna alipika maandazi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi kutoka juu, nikamwambia mke wangu kwamba yule bwana ni jiwe. Bi Mariamu peke yake hakuinua uso kwenye njegere zake.

"Unaudanganya mguu huo," akasema.

"Mama?"

"Kila siku umeelekea huko huko, kwa Ismaili kukiwa kushoto kwako. Mguu mgonjwa uko ukingo wa juu, mzima uko ukingo wa chini. Mzima ndio unaobeba. Mgonjwa umekaa hapo kama mgeni anayesubiri chai."

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyekuwa ameiona, kwa sababu huku kwetu ndivyo kila mtu anavyosimama. Tunalima mguu mmoja juu mmoja chini, tunapiga soga mguu mmoja juu mmoja chini, na uzito unajiendea wenyewe kwenye mguu wa bondeni bila mtu kuuliza. Nassoro hakudanganya kwa kukusudia. Mlima ulimsaidia naye akadhani ni nguvu zake.

"Geuka," mama yake akasema.

Akageuka. Mguu wa kushoto sasa ulikuwa ukingo wa chini. Akachukua mfuko, akainama mara moja tu, akaenda chini mzima mzima hadi kwenye kabichi, kidevu kikagonga jiwe. Damu ilitoka nyingi. Husna alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga.

"Inatosha, Baba Latifa! Inatosha! Unataka tukuzike wewe kwanza?"

"Mwache," Bi Mariamu akasema. "Sasa ndiyo anaanza."

Jioni ile nilishuka tena, nikamwambia Nassoro niliyokuwa nayo moyoni. Nilimwambia kinyozi hajinyoi. "Umewasimamia watu wote hapa. Wako atalazwa na Amiri, na hakuna atakayekulaumu. Lakini ukishuka na mguu huo utaanguka mle ndani, Nassoro. Utamwangukia mama yako mbele ya watu. Hilo ndilo unalolitaka?"

Alinitazama, plasta nyeupe kwenye kidevu. "Nenda kwako, Ismaili," akasema.

Mwezi mzima hakunisalimu. Alimsalimu mke wangu, aliwasalimu wajukuu wangu, mimi akanipita kama nguzo ya umeme. Kwetu mtu asiyekusalimu amekufukia mzima, na miaka yetu sitini pamoja haikunisaidia kitu. Nilikuwa na hasira naye, na chini ya hasira nilikuwa na huzuni, na chini ya huzuni nilijua maneno niliyomwambia yalikuwa ya kweli lakini niliyasema vibaya.

Ila kutoka juu nilikuwa naona. Nilimwona amerudi kwenye karatasi, ukurasa wa kwanza. Alikaa kwenye kiti, akainuka, akakaa, akainuka, mikono imekunjwa kifuani, mdomo unahesabu. Baada ya swala ya Alasiri, watu wakishatawanyika, alibaki kwenye baraza ya msikiti, iliyopigwa saruji, akatembea kisigino kikigusa vidole, bega limeegemea ukuta. Alitembea urefu wa baraza, akarudi, akaenda tena. Mzee mzima aliyezika nusu ya kijiji anajifunza kutembea kwa kufuata picha! Baadhi ya watu walimcheka, nami niliyeanza kucheka nikawakaripia. Siku moja niliona bega halijagusa ukuta. Nilisimama nje ya uzio nikamwangalia mpaka mwisho wa baraza, kisha nikaondoka haraka asinione.

Aliyetupatanisha ni Bi Mariamu. Aliniita kwa sauti kutoka mlangoni, sauti ambayo ilikuwa imeanza kupungua. "Ismaili! Njoo umshikie mwenzio. Husna hana nguvu."

Nilishuka na debe la viazi, nikaliweka mlangoni kwake, nikamsalimu Nassoro. Akaitikia. Hatukuyarudia maneno yale. Scholastica alikuwa ameelekeza kwamba afungwe kitambaa imara kiunoni na mtu ashike kwa nyuma, basi Husna akamfunga shuka, nami nikashika fundo. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya chai, nilikuwa nyuma yake. Alisimama juu ya mfereji, siku hii mguu mgonjwa ukingo wa juu, siku ya pili ukingo wa chini, ili usipate pa kujificha. Nilihisi mtetemeko wake kupitia lile shuka. Kuna siku nilimvuta kabla hajaanguka, kuna siku tulianguka wote wawili, na mama yake akatuhesabia.

Siku moja, kabla ya mvua za masika, Bi Mariamu akauliza, "Mfuko huo una kilo ngapi?"

"Hamsini, mama."

"Mimi sifiki huko tena. Punguza."

Nassoro akasimama pale pale na mfuko kifuani. "Mama, acha maneno hayo."

"Punguza, nimesema. Utazoea uzito ambao si wangu."

Mimi niliangalia mlima wa ng'ambo. Nassoro aliushusha mfuko, akaufungua, akapiga magoti, akatupa kisogo, akachota mchanga kwa viganja na kuumwaga juu ya tuta. Alichota kidogo kidogo. Kila mara mama yake alisema, "Bado." Alipoufunga mfuko tena, hakuugeuza uso wake mpaka alipopanda juu ya mfereji.

Waswahili husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Mimi niliiona ile nundu ikipungua. Masika ilipoanza akamwambia apunguze tena. Mwezi wa tano alikuwa hatoki ndani, kitanda chake kimesogezwa dirishani, na siku moja akauliza kupitia dirishani kama mfuko umepunguzwa. Nassoro akamjibu, "Nimeshapunguza, mama, jana." Alikuwa ameupunguza bila kuambiwa, maana yeye na Husna ndio waliokuwa wakimnyanyua kumpeleka kuoga. Mama yake akasema, "Vizuri." Mimi nilishika fundo la shuka.

Kufikia hapo mguu ulikuwa mzuri kuliko nilivyotegemea, na mbaya kuliko Nassoro alivyokiri. Mahali pakavu, asubuhi, akiwa amepumzika, alimaliza mara kumi. Akichoka, au udongo ukiwa na maji, goti lilirudi kuingia ndani. Zile wiki kumi na mbili za karatasi zilikuwa zimepita zamani. Scholastica alimsifu, akamwambia sasa anaweza kwenda msikitini bila fimbo. Nassoro akamshukuru.

Bi Mariamu alifariki mwezi wa saba, Jumatano asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa. Husna alikuwa anamnywesha uji. Alisema ameshiba, akageuza uso, na hakuugeuza tena.

Nilikwenda kuchimba na wenzangu. Makaburi yetu yako kwenye mteremko chini ya mikaratusi, na manyunyu ya usiku yalikuwa yameufanya udongo mwekundu uteleze kama sabuni. Nilichimba huku naufikiria ule mguu. Na hapo nikafanya jambo ambalo Nassoro halijui mpaka leo. Nilimvuta pembeni mwalimu anayetuswalisha, nikamwambia Nassoro asiruhusiwe kushuka. Nikamwambia Amiri na mdogo wake wanatosha, ni wajukuu, ni wa damu, na wana miguu minne mizima. Mwalimu akakubali. "Lakini litamke wewe pale kaburini," akasema. "Wewe ndiye unayelijua kaburi, na wewe ni mwenziwe. Mimi nitakuunga mkono."

Tulimswalia adhuhuri. Jeneza likapandishwa, likateremshwa, watu wakipokezana mabega. Kaburini tukatandaza shuka juu ya shimo, wanne tukashika pembe, ili Bi Mariamu asionekane na macho ya watu. Amiri akashuka, mdogo wake akashuka. Nassoro akavua kandambili, akakunja kanzu kiunoni, akakaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ikining'inia ndani. Mwalimu akanitazama.

Nassoro naye akanitazama. "Umeacha upana gani?" akaniuliza.

"Ule ule."

Akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu alikuwa bado ananiangalia, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga. Sijui kama ilikuwa imani juu ya mguu wake au ni woga tu wa kumnyima. Nassoro alijiachia, akateleza taratibu kwa makalio, akatua ndani kwa mguu wa kulia, kisha akauweka wa kushoto mahali pake.

Pembe yangu ya shuka ilikuwa upande wake, kwa hiyo niliona. Miguu ilitanuka, kiuno kikashuka, mgongo ukabaki wima. Mguu ulikuwa unatetemeka. Amiri akanyoosha mkono kumshika. "Mjomba."

"Mshike bibi yako," Nassoro akamwambia. "Mimi niache."

Tukampa mama yake. Alimpokea kifuani, upande wa kichwa na mabega, wajukuu wakapokea kiuno na miguu, na mwalimu akasoma, Bismillahi, na sisi tukafuata. Walikuwa nusu ya kuinama udongo ulipomeguka chini ya mguu wa kushoto wa Nassoro. Bonge moja dogo likadondoka ndani ya mwanandani. Wote watatu wakasimama walipo. Nilikaza shuka mpaka vidole vikauma. Nassoro hakujitikisa. Hakutafuta ukuta wa kushika, wala asingeweza, mikono yake ilikuwa na kazi. Alilikunja goti zaidi kidogo, akausubiri mguu. Sijui ni muda gani. Kisha akasema kwa ile sauti ya zamani, ya kuwafundisha wana wa watu, "Haya. Kiuno, Amiri. Usiukunje mgongo." Wakamshusha wote pamoja, akalala.

Nassoro akamfungulia vifundo vya sanda, akamgeuza kuelekea kibla, akaliweka shavu la mama kwenye udongo. Aliinama akamwambia maneno machache kwa Kishambaa. Niliyasikia na sitayaandika. Viunza vikapangwa, kimoja kimoja, shuka likaondolewa.

Amiri akaweka viganja kwenye ukingo, akaruka nje. Mdogo wake akamfuata. Sisi tukachukua majembe.

Nassoro alibaki chini. Ukingo ulimfikia kifuani. Aliweka mikono juu, akajaribu kujisukuma, mguu wa kulia ukanyanyuka lakini wa kushoto haukuweza kumrusha, ukarudi chini. Akageukia ukuta wa pili, akajaribu huko. Udongo ukamdondokea kichwani. Akajaribu mara ya tatu, kisha akaweka paji la uso kwenye ukuta wa kaburi, akatulia.

"Ismaili," akaita.

"Naam."

"Hili sikulifanyia mazoezi."

Hakuna aliyecheka. Nilisimama na jembe mkononi, nikaona ni kweli. Mwaka na zaidi alijifunza kushuka, kusimama, kuinama na kuweka. Kila asubuhi niliona kutoka juu, na miezi mingine nilikuwa nyuma yake nimeshika shuka, na alipomaliza nilimvuta mkono tukaenda kunywa chai, bila mimi wala yeye kufikiri kitu. Hata Bi Mariamu, aliyeona kila kosa, hakusema habari ya kutoka. Sisi sote tulifika mpaka kwake tukaishia hapo.

Nililala kifudifudi kwenye tope, mimi na miaka yangu sitini na mbili, nikampitisha mkono kwapani. Amiri akalala upande wa pili. Wengine wawili wakashika kanzu. Tukavuta, kanzu ikachanika mgongoni, tukavuta tena, akapanda na udongo wake, akaketi kwenye ukingo. Hapo akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mwanaume anayeheshimiwa na kijiji kizima, na mimi nililia naye nikiwa bado nimelala chini.

Mwalimu akasema kwa upole asogezwe pembeni ili tufukie. Nikamwambia aachwe. Alikuwa ameketi ukingoni, miguu yote miwili bado imo ndani ya kaburi la mama yake, akachota udongo kwa mkono, akautupa, akachota tena. Basi tulifukia kwa kumzunguka, polepole, majembe yakimwepa. Udongo ulipanda mpaka ukagusa nyayo zake, na hapo akaitoa miguu mwenyewe, ule mzima kwanza, kisha wa kushoto.